Mkono wa Arudiye Nyumbani

Katika mila nyingi za nchi yetu, msafiri arudipo kwao hatarajiwi kuingia mlangoni mikono mitupu. Jambo hili si la kabila moja. Mtu wa pwani atokaye safari huwaletea watoto halua. Mkulima wa bara atokaye gulioni hubeba hata kama ni miwa miwili. Kwa hiyo nitakapoeleza habari za sisi watu wa Kilimanjaro na safari yetu ya kila Desemba, msomaji asidhani kwamba nakusudia kulisifu kabila langu, wala kulikejeli. Nayasimulia hayo kwa sababu ndiyo niyajuayo, na kwa sababu yaliwahi kunitenga na mama yangu mzazi.

Vihamba vya mlimani vilikwisha kuwa vidogo tangu zamani. Baba huwagawia wana wake, nao huwagawia wana wao, hata kipande kikawa hakitoshi migomba na kahawa ya kulisha nyumba moja. Hapo ndipo vijana walipozoea kushuka kwenda kutafuta maisha Moshi, Arusha, Tanga, Dar es Salaam na kwingineko, wakiwaacha wazee na ng'ombe wao wa bandani. Desemba ikawa ndiyo siku ya kuhesabiana. Nani yu hai, nani ameoa, nani amepata mtoto, na nani amepotelea mjini. Pombe ya mbege, yenye ndizi, ulezi na gome la msesewe, huanza kutengenezwa siku nyingi kabla, maana haiwezi kuharakishwa. Na kila ajaye huja na mzigo: sukari, chumvi, mchele, sabuni, blanketi kwa ajili ya baridi ya juu, na doti ya kanga kwa mama.

Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu kijana mjini Dar es Salaam, mwaka wangu wa tatu kazini. Wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa hali ilivyokuwa. Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ilikuwa imekula akiba ya nchi, mafuta yalikuwa ghali, fedha za kigeni hazikuwapo, na viwanda vilisimama kwa kukosa vipuri. Sabuni ilipangiwa foleni. Sukari ilipangiwa foleni. Wakati mwingine watu walipanga foleni kwanza, wakauliza baadaye ni ya kitu gani. Kanga hazikuonekana dukani kabisa, lakini zilionekana usiku, nyumbani kwa mlanguzi, kwa bei aliyoitaka yeye.

Nilikopa. Nilimkopa mwalimu mwenzangu, nikamkopa na mwenye nyumba, ambalo ni jambo la aibu kwa mpangaji. Nikanunua doti tatu za kanga, kilo tano za sukari na miche minne ya sabuni, nikapanda basi Kisutu nikiwa nimeupakata mzigo huo kama mtoto mgonjwa. Nilipofika nyumbani, wanawake wa ukoo walipiga vigelegele. Mama alizipokea kanga kwa mikono miwili, akazitia sandukuni. Kwa muda wa siku nne nilikuwa mtu mkubwa. Kisha nikarudi Dar es Salaam, na deni lile nikalilipa kidogo kidogo hadi mwezi wa Mei, nikila mlo mmoja kwa siku na kufundisha huku tumbo likininguruma mbele ya wanafunzi, ambao kwa adabu yao walijifanya hawasikii.

Mwaka uliofuata ndio mwaka wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Hofu iliingia hata kwa wasiokuwa na hatia; wako waliotupa mali usiku kwa kuogopa kukutwa nayo. Ilipofika Desemba 1983, basi, hapakuwa na kanga mchana wala usiku, wala sikuwa na uso wa kukopa tena. Nikakaa nikawaza. Niende vipi, mimi niliyepigiwa vigelegele mwaka jana? Nikaandika barua ya uongo kwamba nimepewa kazi ya kusahihisha mitihani. Siku ya Krismasi nilifunga mlango wa chumba changu, nikala ugali na dagaa, na jirani zangu wakadhani nimekwenda kwetu.

Mnamo Januari alifika dereva mmoja wa lori la ndizi, mtu wa kijijini petu. Aliteremsha mkungu wa ndizi, akatoa na bahasha ya gazeti iliyokunjwa vizuri. "Mama yako kasema nikukabidhi mkononi," aliniambia. Ndani yake mlikuwa na jani moja la isale.

Hapana budi nieleze, kwa ajili ya wasomaji wasiotoka kwetu. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani tuupandao mipakani mwa vihamba. Jani lake ni neno. Aliyekosana na mwenziwe akitaka kusamehewa humpelekea jani la isale, na aliyepelekewa hana njia ya kukataa bila kujitia katika jambo zito mbele ya ukoo mzima. Jani hilo hutumwa na mwenye kosa kwa aliyekosewa. Sasa mama yangu alikuwa ameniomba msamaha mimi. Alikuwa amefikiri kwa muda wa majuma kadhaa kosa alilonitendea hata nikaikimbia nyumba yake, na kwa kuwa hakuliona, aliomba msamaha tu.

Niliomba ruhusa ya siku tatu nikapanda basi. Sikubeba kitu. Nilimkuta bandani akimtilia ng'ombe majani, nikaangua kilio kabla sijamwamkia. Akaniketisha, akanipa maziwa, akaniacha ninyamaze mwenyewe. Kisha akasema, "Mitihani gani husahihishwa siku ya Krismasi, mwanangu?" Nikamweleza yote, deni, mlo mmoja, mlanguzi na kanga zake. Akaingia ndani, akarudi na kanga zile tatu za mwaka 1982. Zilikuwa bado zina uwanga wake wa dukani. Hata moja haikuwahi kukatwa wala kupindwa. Alisema alizihifadhi kwa siku kubwa, kwa kuwa alizijua kuwa ni za gharama. "Mimi nilizaa mtoto," akasema, "sikuzaa duka." Nilipomwuliza ni kitu gani hasa alichokihitaji, aliitazama mikono yangu akacheka, akasema kwamba majani ya ng'ombe hutoka tambarare, na kwamba mgongo wake sasa unamwuma kwa kuyapandisha kichwani. Hilo ndilo alilotaka. Wala halikuwa na foleni.

Tuna methali isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi. Mjini huitumia kama fimbo, wakimaanisha kwamba asiye na kitu asitegemee kuthaminiwa. Mimi nimeifikiri sana, nami naona kwamba watumiaji hao wameitia ukubwa usiokuwamo. Mkono ulambwao hauhitaji kubeba karamu. Hutosha ukiwa na chembe ya chumvi. Na wazee hao hao waliotuachia methali hiyo walituachia na nyingine ya kuipima, kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kuishika moja na kuiacha nyingine ni sawa na kutembea kwa mguu mmoja.

Desemba 1984 tuliitisha kikao cha nyumba yetu, wana saba na wake na waume zao. Kaka mkubwa alikipinga mwanzoni. Alisema kuhesabiana zawadi ni desturi ya wabepari na kwamba Mwafrika hutoa bila kuuliza. Dada yetu akamjibu, kwa heshima ipasayo, kwamba yeye hutoa bila kuuliza kwa sababu shemeji ndiye ajuaye watoto watakula nini Januari. Watu wakacheka, na kaka naye akacheka, kikao kikaendelea.

Tuliyopatana hayakuwa makubwa. Wazee wangepewa zawadi moja kutoka kwetu sote kwa jumla, wala si saba zishindanazo, na mama mwenyewe aulizwe mapema anahitaji nini. Mwaka wa kwanza alitaka mabati mawili ya kuzibia paa la banda. Hapana mmoja wetu ambaye angeliota hilo. Watoto wangepewa kila mmoja nguo moja, basi. Mbuzi angenunuliwa mwezi wa Julai angali mdogo, alishwe nyumbani, kwa kuwa mbuzi wa Desemba huuzwa kwa bei ya ndama. Kila nyumba ingeweka kibubu tangu Juni. Na yeyote ambaye mwaka umemwendea vibaya angekuja kwa nauli yake tu, naye angelipa kwa kukata majani, kuzibua mfereji au kufyeka kihamba. Sharti hilo la mwisho lilitakiwa na mama, na ndilo aliloturudisha kulisema mara mbili ili alisikie kila mtu.

Nami niliyekaa karibu na soko nikapewa kazi ya manunuzi. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, katika shida ya wakati ule, na baadaye katika wingi wa bidhaa ulioanza kuingia tangu mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuagiza mali. Naweza kusema kwamba wingi ni mtihani mgumu kuliko uhaba. Katika uhaba mtu hushindwa na foleni. Katika wingi hushindwa na macho yake. Kwa hiyo huenda Kariakoo na orodha iliyoandikwa, na asubuhi, kabla jua na umati havijanichosha nikaanza kununua ili niondoke. Huenda mwezi wa Septemba au Oktoba, maana katikati ya Desemba muuzaji humwona mnunuzi mwenye haraka kutoka mbali. Huingia vichochoroni, kwa kuwa duka lililo barabarani hulipisha na pango lake. Na kanga hununua korija kwa jumla pamoja na jirani zangu, watu wa Singida na Lindi, tukagawana. Bei ya korija si bei ya doti moja moja. Jambo moja tu nalisisitiza: lisomwe jina la kanga kabla ya kulipa. Mwaka mmoja, kwa haraka zangu, nilimpelekea shangazi kanga yenye maneno ya kumsuta jirani mwenye wivu. Shangazi aliivaa kanisani. Jirani yake, aliyekuwa hajambo naye hata siku hiyo, hakumwamkia mpaka Pasaka.

Wenzetu wa pwani nao wanayo haya kwa njia yao. Mwalimu mmoja wa Tanga niliyefanya naye kazi alikuwa akipeleka vitambaa vya watoto kwa fundi mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo kuanza, kwa sababu fundi wa siku za mwisho za Ramadhani hutaja bei aitakayo na bado hamalizi kazi.

Siku hizi kalenda yetu ya taifa ina tarehe 26 Desemba iitwayo Siku ya Kupeana Zawadi. Jina zuri, lakini nawaona vijana wengi wakiiogopa. Hawamwendei mwenye nyumba kukopa kama nilivyofanya. Hukopa kwa simu, wakiwa wamelala kitandani, mikopo ambayo wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mpwa wangu mmoja, fundi umeme, alikuwa ameacha kuja nyumbani kwa Desemba mbili. Nilipompigia simu alisema, "Mjomba, kazi zimebana." Nikanyamaza kidogo, kwa sababu niliutambua uongo huo, ulikuwa wangu.

Mama alikwisha fariki, lakini masale yake ya mpakani yapo. Nilikwenda nikachuma jani moja, nikalikunja gazetini, nikampa kondakta wa basi alifikishe Mbezi. Sikuandika neno. Alifika tarehe 23, kwa treni, ambayo ilikuwa imerejea Moshi mwaka 2019 baada ya kutoonekana kwa miaka mingi. Alikuwa amebeba mche mmoja wa sabuni na pakiti mbili za chumvi. Shangazi zake wakampokea, wakamwuliza habari za safari, wakampa mtori. Asubuhi yake, kabla sijaamka, alikuwa amekwisha chukua panga na kamba, ameteremka tambarare kukata majani.