Barua Iliyokuwa Kwenye Uso wa Kompyuta



Katika chumba chetu cha mikutano hapa Goma tuna kompyuta tatu kuukuu, tulizopewa ili vijana wajifunze kuandika. Nilipokabidhiwa kuzitunza, nilikuta uso wa kila moja, yaani eneo linaloonekana kwanza kompyuta inapowaka, umejaa vialama: michezo, programu zisizotumiwa na mtu, na mafaili ya kila mmoja yametapakaa. Mimi hupenda usafi. Jioni moja nilikusanya mafaili yote katika folda moja, nikaihifadhi ndani, nikaondoa vialama vyote isipokuwa pipa la taka. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Kesho yake alifika dada mmoja aliyekimbia vita kutoka Masisi. Vyeti vyake vya shule vilibaki huko, naye kwa siku tatu alikuwa akiandika barua ya kuomba nakala mpya. Aliwasha kompyuta, akatazama, akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yaya, barua yangu mmeitupa?" Mbele yake palikuwa na pipa tu.

Barua haikupotea, niliifungua mara moja. Hata hivyo, swali lake lilinichoma. Alikuwa amekwisha kupoteza karatasi zake, nami nilimfanya adhani amezipoteza mara ya pili, kwa sababu tu nilipanga uso ule kwa ajili ya macho yangu.

Baadaye nilijifunza kwamba vialama hivyo vilikusudiwa kumsaidia asiyejua. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo Star, ambayo uso wake ulifananishwa na meza ya ofisi: picha za karatasi, mafolda na vikapu vya barua, ili mfanyakazi asilazimike kukariri amri. Miaka 20 baadaye, mwaka 2001, Microsoft ilitoa Windows XP, ambayo kwa kawaida ilipowekwa upya ilionyesha pipa la taka peke yake. Mengine yalikuwa ndani ya menyu. Uamuzi huo una sababu yake, maana msongamano huchosha macho na kuficha kinachotafutwa. Lakini uso mtupu humfaa aliyekwisha kuijua njia. Mgeni huona ukuta usio na mlango.

Jumamosi iliyofuata tulikutana, tukamwomba dada yule aseme kwanza. Alitaka folda ya kazi zetu ionekane, tena iwe na jina la Kiswahili. Mwanafunzi mmoja aliomba kivinjari kibaki, ili wenzake watafute matokeo ya mitihani. Mwingine akapinga, akihofia mega zitaisha kwa filamu. Tulibishana kwa muda mrefu. Mwishowe tulibakiza vialama vinne: folda ya "Kazi Zetu", programu ya kuandikia, kivinjari, na pipa, tulilolisogeza kwenye pembe ya chini. Michezo haikufutwa, anayeitaka ataitafuta ndani. Nasi tulikubaliana kwamba faili la mtu halihamishwi kabla mwenyewe hajaambiwa.

Ni jambo dogo, nami najua mjini kwetu kuna mazito zaidi. Lakini anayepanga kitu kabla wengine hawajafika huwa amekwisha kuwaamulia mengi. Asipokuwa mwangalifu, huwaamulia kana kwamba wote wanajua anayoyajua yeye. Dada yule alimaliza barua yake wiki hiyohiyo. Mimi nami nimejifunza kuuliza kabla ya kusafisha.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Katika chumba chenu, ni kitu gani kimepangwa kwa faida ya wenyeji tu? Nani hajaulizwa bado?