Moshi: Kitanda Kimoja, Watu Wawili

Ukifika Moshi alfajiri, kabla wingu halijaufunika Mlima Kilimanjaro, ifuate Barabara ya Sokoine hadi Chuo Kikuu cha Ushirika. Kilianza mwaka 1963 kikiwafunza watumishi wa vyama vya ushirika. Tangu 2014 ni chuo kikuu. Wanafunzi wameongezeka kupita vitanda. Aliyekosa bweni hupanga mtaani na wenzake, wakachangia kodi, jiko na godoro. Mwenye kitanda humkaribisha rafiki, na wanafunzi huita jambo hilo kubebana. Neno lachekesha, mpaka ulale majira ya mitihani na miguu ya mwenzio usoni pako.

Sasa panda Kibosho. Humo vihambani migomba huitilia kahawa kivuli, na mifereji ya kale yapita kandokando. Lakini kihamba alichoachiwa babu kiligawiwa wanawe, kisha wajukuu, hata pengine kimebaki kiwanja cha nyumba na mafungu machache ya migomba. Ardhi ya kumrithisha kijana haipo. Mzazi humpa karo badala yake. Naye akishuka mjini na sanduku lake, haulizi kwanza habari ya vitabu. Huuliza ni nani mwenye nafasi chumbani.