Ghala, Mizani na Daftari la Isansa

Walipolibomoa ghala la zamani la kahawa, lile la matofali ya kuchoma lililokuwa likitazama barabara, kijana mmoja wa ukoo wetu aliyemaliza kidato cha nne aliniuliza, kwa adabu zote na pasipo kukusudia kuniudhi, "Babu, kwani hapa zamani watu walikuwa wakifanya nini?" Swali hilo lilinikera siku nzima, na nadhani lingemkera yeyote aliyewahi kulala juu ya magunia ya ghala lile akingoja zamu yake ya mizani.

Yafaa kuanza na mahali penyewe, maadamu jiografia nayo imekuwa elimu ya wazee. Isansa iko Mbozi, juu ya uwanda wa Unyiha wenye udongo mwekundu na baridi ya asubuhi, uwanda ambao kaskazini huporomoka kuelekea bonde la Rukwa, na upande wa pili huelekea mipaka ya Zambia na Malawi. Mvua huanza Novemba na aghalabu hukoma Aprili. Mito iitwayo Songwe ni miwili, mmoja ukimwaga maji yake Ziwa Rukwa na wa pili, ulio mpaka wetu na Malawi, ukiingia Ziwa Nyasa. Basi mwaka 2016, tulipokatwa kutoka Mbeya, tukapewa mkoa wenye jina hilo, na ndani ya mkoa ikawamo wilaya yenye jina lilo hilo, ilhali Uwanja wa Ndege wa Songwe ukabaki huko huko Mbeya. Mgeni akipotea, mimi simlaumu.

Kabla ya kahawa wazee wetu walisifika kwa chuma, waliyeyusha mawe katika matanuri marefu ya udongo na kufua majembe, hata majembe ya dukani yalipokuja yakaizima kazi hiyo. Kimondo cha Ndolezi, papa hapa Mbozi, pande la chuma la tani zipatazo 16, vitabu vyasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott, kana kwamba wenyeji waliokuwa wakikizunguka na mbuzi wao walikuwa vipofu. Kahawa yenyewe ilikuja na walowezi wa Kizungu baina ya vita viwili vikuu. Baba zetu wakaenda kufanya vibarua mashambani mwao, wakarudi na ujuzi.

Lakini niliyekusudia kumsimulia ni mwenye duka. Duka lake lilikuwa mkabala na ghala, na harufu yake naweza kuitambua hata leo nikifumbwa macho: mafuta ya taa, sabuni ya mche, kaniki mpya, na juu ya hayo yote uchachu wa maganda ya kahawa uliokuwa ukija na upepo kutoka mtoni. Sukari aliifunga katika karatasi za magazeti alizozikunja mfano wa pia, chumvi aliipima kwa kopo, na madeni aliyaandika katika daftari lenye jalada jeusi, si kwa majina ya wadeni bali kwa majina ya baba zao, ili mtu akitaka kukana deni kwanza amkane mzazi wake. Tangu Januari hata Mei kijiji kizima kiliishi ndani ya daftari lile, karo, kanga za harusi, hata sanda. Na kahawa ilipoanza kuiva alikuwa hamdai mtu, bali humtazama vidole tu, kwani mchumaji huwa na weusi wa utomvu kuzunguka kucha, na asiye nao alijulikana kuwa hana cha kulipa.

Fauka ya hayo, alikuwa kadhi wa kahawa. Siku zile kila mji ulikuwa na mashine yake ya mkono ya kumenyea, au uliazima kwa jirani, na buni zikishamenywa zililazwa siku mbili, tatu kwa sababu ya baridi yetu, mpaka utelezi utoke. Ukizisugua viganjani zikalia kama changarawe, zimeiva kuoshwa, na zikiteleza, ngoja. Asiyengoja, au aliyengoja mno, alimpelekea mwenye duka ukufi wa buni zake. Naye huunusa, hung'ata moja kwa meno ya pembeni, kisha hutoa hukumu kabla karani wa mizani hajafungua mlango. Sikumbuki hukumu yake kupinduliwa.

Reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, nimehakikisha. Ila kwetu tarehe hiyo haina maana, kwani Wachina walioijenga tulikwisha kuwazoea na mabati yalikuwa yakishuka stesheni ya Mlowo. Miaka hiyo hiyo tulihamishiwa barabarani katika vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa mistari, mikahawa ikabaki kule tulikotoka, na mtu akawa anatembea saa nzima kwenda kuchuma alichokuwa akikichuma uani. Chulebuni, ule ugonjwa wa buni, ikaja. Vyama vya ushirika vikafutwa, vikarudi. Malipo ya pili ya kahawa yakawa yanangojwa hata msimu mwingine ukapita juu yake, na daftari jeusi, ambalo lilistahimili ukame, halikustahimili hilo: mwenye duka alifunga mlango mmoja, kisha wa pili.

Yaliyofuata sina hamu nayo. Miaka ya tisini wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na maneno yake. Mwaka 2018 tukaambiwa turudi chamani. Sasa wengi wanapanda parachichi. Sisemi kwamba zamani palikuwa na haki, maana wanawake ndio waliochuma na kuosha, na fedha zilihesabiwa na wanaume. Ila kinachonichoma ni huu ujuzi wa kiganja na jino. Kahawa nyingi siku hizi hupelekwa mbivu mtamboni siku ile ile iliyochumwa, na hilo, kwa insafu, limeboresha daraja lake; lakini kijana wangu aliyeniuliza swali lile, ambaye baba yake ana mikahawa ya kumtosha, nilimpa buni nikamwambia aing'ate aniambie kama imekauka, akaniuliza kama ni salama.