Ukipita Morogoro, Teremka Ununue

Ndugu msomaji, wako watu wengi mno waijuao Morogoro kwa kupitia dirisha la basi. Wametoka Dar es Salaam, wanakwenda Dodoma au Iringa au Mwanza. Basi linaingia Msamvu, mkono unatokezwa nje, mfuko wa machungwa unanunuliwa, chenji inadaiwa kwa makelele, na basi limekwisha ondoka. Abiria wa treni ya umeme, iliyoanza safari zake mwaka 2024, hata machungwa hayo hawayapati. Mlima wanauona, nao hauna jinsi ya kutoonekana, kwa kuwa kilele cha Lupanga kimeuinamia mji kutoka zaidi ya meta 2,100 juu ya usawa wa bahari. Lakini vitu viteremkavyo kutoka mlimani humo kila alfajiri hawavijui, wala hawawajui wenye mikono iliyovitengeneza.

Makala haya yanakuomba uteremke, walau kwa Jumamosi moja, wewe na mwenzio na watoto, mkafanye kile ambacho wenzetu wa Ulaya hukihesabu kuwa starehe kamili: kuzunguka madukani na kutazama kazi za sanaa.

Huenda utacheka. Morogoro na sanaa za madukani wapi na wapi? Basi twende kwanza huko Ulaya, halafu turudi.

Mjini Brussels, makao makuu ya Ubelgiji, kuna mtaa uitwao Sablon. Mtaa huo ni wa maduka ambayo kila moja huuza kitu cha namna yake peke yake. Hili ni la chokoleti, lile ni la samani za kale, la tatu ni la vinyago vya Afrika. Mjini Paris nako, katika vichochoro vya Saint-Germain-des-Prés, yamo maduka kadhaa ya jinsi hiyo. Sakafu hung'aa, sauti huwa za chini, na kitu kimoja huwekwa peke yake juu ya kigingi na kumulikwa taa kama bwana harusi. Bei aghalabu haiandikwi. Anayeuliza bei huonekana hana uwezo.

Sasa, katika maduka hayo huonekana mara kwa mara kinyago kidogo cha mti, kirefu kiasi cha shubiri au chini yake. Hakina mikono wala miguu. Kiwiliwili chake ni cha mviringo kama mpini, kina matiti madogo na kitovu, na juu yake kipo kichwa chenye nywele zilizogawanywa mafungu mawili, kama panda mbili zilizosimama na bonde katikati. Chini yake kuna kijikaratasi: Luguru, au Zaramo, au Kwere, Tanzania, mti. Kwa kitu kikongwe na kizuri, mnunuzi hutoa maelfu ya euro.

Huyo, ndugu msomaji, ni mwana hiti. Wazee wa Morogoro na Pwani hawahitaji kuelezwa, lakini vijana wetu wa mjini wengi hawajapata kumsikia. Waluguru, Wazaramo, Wakwere, Wakutu na Wadoe ni watu wa nasaba ya mama. Ukoo hushuka kwa mwanamke, na kwa Waluguru hata ardhi ilikuwa mali ya ukoo huo. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa. Katika siku hizo za ndani alikabidhiwa mwana hiti, naye alimtunza kama atakavyomtunza mtoto: alimwosha, akampaka mafuta, akamtengeneza nywele. Haikuwa bandia ya kuchezea. Ilikuwa ni ahadi kwamba ukoo hautakatika. Aghalabu kinyago kilikuwa mali ya ukoo, na mwali mmoja alipotoka, kilihifadhiwa kumngoja mwali mwingine. Umbo hilo hilo lilichongwa hata kwenye maegemeo ya viti vya wakubwa na kwenye vichwa vya fimbo zao. Kwa watu wale lilikuwa kama muhuri.

Vinyago hivyo vilianza kusafiri tangu zama za Wajerumani, mikononi mwa wamisionari, maofisa na wakusanyaji wa makumbusho. Hata hivyo kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walisema kwamba Afrika Mashariki haina uchongaji wa maana. Sifa zote walizielekeza Kongo na Afrika Magharibi. Mwaka 1994 yalifanyika maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania mjini Berlin na München, na kitabu chake kilichapishwa kwa Kijerumani na kwa Kiswahili pia. Baada ya hapo hakuna aliyeweza tena kusema kwamba hatukuwa na kitu. Ila sifa ni kama asali, huvuta nyuki na huvuta nzi. Kilichosifiwa kilitafutwa, na wanunuzi walitumwa vijijini.

Nami lililonisumbua kuliko bei ni kile kijikaratasi. Kinataja kabila, nchi na mti, na pengine hata jina la Mzungu aliyewahi kukimiliki kinyago. Jina la mchongaji halimo. Halikuulizwa siku ile kilipochukuliwa, na sasa hakuna wa kuulizwa. Morogoro, kinyume chake, unaweza bado kuuliza na ukajibiwa.

Haya, tushuke sasa. Usitafute Morogoro mtaa wa vioo na taa. Anzia Soko Kuu, lile jengo la ghorofa lililofunguliwa mwaka 2021 na kupewa jina la Chifu Kingalu. Kingalu ni jina la enzi la watawala wa Uluguru waliosifika kwa kuomba mvua, na si ajabu jina la mwenye mvua likapewa soko la vyakula. Pita mboga na matunda kwa sasa, utayarudia. Uliza wauza nyungo, vikapu, mikeka na vyungu, ndani na katika mitaa ya jirani, na uende pia Soko la Mawenzi. Si kila kitu utakachokiona kimetoka Uluguru. Vingine huja kutoka Kilosa, Turiani, na hata mbali zaidi. Ndiyo maana swali la kwanza lisiwe bei. Liwe hili: “Mama, huu umesukwa wapi, na umesukwa na nani?”

Nililiuliza swali hilo kwa mama mmoja aliyekuwa na nyungo saba mbele yake.

“Mwanangu, unataka ungo au unataka habari?”

“Vyote viwili, mama.”

“Basi habari ni bure. Huu ni wa mkono wangu, hizi sita za dada yangu. Tazama ukingo. Wangu nimeufunga mara mbili. Yeye macho yamechoka.”

Nilinunua mmoja wa dada yake mwenye macho yaliyochoka, na hadi leo haujalegea.

Ungo unatazamwa namna hii. Uinue uelekee kwenye mwanga. Vitundu vya mwanga vionekane vidogo na vya kulingana. Bonyeza katikati kwa kidole gumba, uone kama unarudi. Kisha pitisha kidole ukingoni pote, kwani ungo huanza kufa ukingoni. Mkeka una siri nyingine. Mkeka husukwa kwanza kuwa ukanda mrefu, shupatu, halafu mashupatu hushonwa pamoja. Kwa hiyo rangi zisikudanganye, geuza nyuma utazame mshono. Wa ukindu ni laini na hulaliwa kwa raha; wa miyaa mipana ni mgumu na wafaa kuanikia. Chungu hugongwa kwa kifundo cha kidole: kizima hulia, chenye ufa huguna. Kinu na kiwe cha gogo moja lisilo na mpasuko moyoni. Wanunuzi wa Sablon wana wataalamu wa kuwashauri. Wewe unaye bibi yako, mpigie simu.

Kwa vinyago tahadhari inapaswa kuwa kubwa zaidi. Anayeuza huweza kukuapia kwamba ni mpingo, kumbe ni mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu. Mpingo ni mzito mno, ukiutia majini huzama. Na ukikwaruza kidogo chini ya kitako, weusi hauishii kwenye ngozi. Uzee nao hutengenezwa. Kinyago cha mwezi uliopita hufukizwa moshi, hupakwa mafuta na udongo, kikaitwa cha babu. Ujanja huu haukuanzia Morogoro. Hata huko Ulaya wenye maduka wameingizwa mjini nao.

Kuna jambo lililonisikitisha. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kote, na wengi tulidhani siku ya kikapu imefika. Ikaja badala yake ile mifuko ya kitambaa hafifu cha kiwandani, na kikapu kikaendelea kungoja pale pale chini. Ndugu msomaji, mhesabu mama wa nyumbani anaponunua mifuko hiyo mara ngapi kwa mwaka, na kikapu kimoja cha kusokotwa vizuri hudumu miaka mingapi. Hesabu ni yako.

Ukiwa na siku ya pili, panda mlimani. Uluguru si mlima mmoja bali safu, na vilele vyake vya kusini hupita meta 2,600. Njia mojawapo hupita Mzumbe na Mlali, kisha hukwea kwa kona za kutisha hadi Mgeta, Langali na Nyandira. Huko ni nchi ya baridi, ya kabichi, njegere na matunda ya kigeni yaliyokubali udongo wetu. Njia nyingine huzunguka mashariki kupitia Bigwa, Kiroka na Mkuyuni hadi Matombo, na hiyo ni nchi ya ndizi, mananasi na viungo: pilipili manga, mdalasini, iliki, karafuu. Anayedhani viungo ni vya Zanzibar peke yake atashangaa. Mdalasini nunua wa vipande, usinunue wa unga. Vunja kipande unuse pale pale kwa mwenye shamba. Hapo nawe umeingia katika duka la kitu kimoja, ila ukuta wake ni mgomba na mwenye duka atakukaribisha uketi.

Nguvu za watu wa huku ziheshimu unapopatana bei. Mkungu ule wa ndizi umeteremshwa kwa kichwa au kwa mzega begani, njia ya saa nyingi, katika utelezi. Mjini tunawapunguzia shilingi kwa furaha, kisha tunakwenda kunywa soda ya bei ile ile. Kama wewe ni Mnyamwezi, shauri lako. Utani wako na Waluguru ni wa tangu zama za misafara, na utatozwa mara mbili kwa kicheko.

Kitu kimoja usikinunue, nacho ni mmea uliong'olewa msituni. Wazungu wanalo ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia, ambalo hukaa katika chungu dirishani mwa nyumba zao na kuuzwa katika maduka ya maua karibu kila mji wa Ulaya. Asili yake ni milima yetu hii ya mashariki. Ofisa wa Kijerumani aliyepewa heshima ya jina lake, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata upande wa Tanga mwaka 1892, na Uluguru inayo jamii yake mwenyewe. Msitu huo ndio unaolisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaojaza ndoo yako Dar es Salaam. Ua liache jabalini.

Na itakuwaje mtu akikuvuta pembeni, akafungua kitambaa na kukuonyesha mwana hiti mkongwe? Kama kweli ni mkongwe, si wake yeye kuuuza. Ni wa ukoo, na pengine mama zake hawajui kwamba umetoka ndani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kupeleka vitu vya kale nje ya nchi bila kibali, kwa hiyo usikubali pia kumnunulia rafiki mgeni. Lakini ukimpata mchongaji aliye hai, akakuchongea mwana hiti mpya kwa mti mzuri na kwa bei ya halali, hapo nunua bila wasiwasi. Mwombe aandike jina lake na kijiji chake chini ya kitako kwa ncha ya kisu. Wachongaji wetu wengine hukataa kwa haya, wakisema kazi ya mikono haina haja ya jina. Msisitizie.

Limebaki suala la kurudi na mizigo. Mkeka ukunje kwa kuuviringisha, usiukunje kwa pande, na ufunge kamba mbili. Ungo usiuweke chini ya mzigo wa mwingine katika buti la basi. Upakate, hata kama jirani atakucheka. Chungu kijaze majani makavu na ukipakate vile vile. Ukifika nyumbani usikipikie mchuzi siku ya kwanza. Kiloweke maji usiku kucha, kisha chemshia uji mwembamba wa pumba kwa moto wa taratibu hadi vijitundu vya udongo vizibe, uumwage, na ukiache kipoe chenyewe. Maharage yafuate siku ya pili.