Superman Aliuzwa Kabla Hajajua Kupaa

Wiki hii sina habari za mapenzi wala za mitindo. Nina karatasi moja tu mezani, ina siku ya nne sasa, na kila nikiitazama usingizi unaniruka.

Stori yenyewe ni hii. Kuna mzee nimemtunga mwenyewe, anaitwa Mzee Kipara. Ni mlinzi wa usiku, mchana kutwa analala, usiku ananasa wezi kwa masikio tu. Nimekuwa nikimwandika kwenye vihadithi vyangu tangu nimalize kidato cha nne. Sasa kuna jamaa anatengeneza michezo ya redio, kampenda. Ananipa shilingi laki moja na nusu, taslimu, nisaini. Karatasi inasema anachukua haki zote, kwa njia yoyote ile, milele.

Na mwenye nyumba ananidai kodi ya miezi miwili. Unauona mtego huo?

Kijiweni washkaji wakanicheka. "Chukua mshiko bwana, si utatunga mwingine?" Nikashika kalamu kabisa. Aliyenizuia, amini usiamini, ni Superman.

Usicheke. Filamu yake ya mwaka 2025 niliitazama kwenye banda la video mtaani kwetu, nikatoka na hamu ya kujua huyu jamaa mwenye kaptula nyekundu alianzia wapi. Nikatafuta, nikasoma. Nilichokikuta kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Waliomtunga walikuwa vijana wawili waliosoma shule moja huko Cleveland, Marekani. Jerry Siegel aliandika, Joe Shuster alichora. Mara ya kwanza, mwaka 1933, Superman wao alikuwa mtu mbaya mwenye kipara, eti! Baadaye wakamgeuza akawa mtetezi wa wanyonge. Wakazunguka naye miaka kadhaa wakimtembeza kwa wachapishaji, kila mlango wakirudishwa.

Machi 1938 ndipo akapata mnunuzi. Vijana walikuwa na miaka 23 kila mmoja. Kurasa 13, dola 10 kila ukurasa, jumla dola 130. Wakasaini kwamba Superman si wao tena. Wiki chache baadaye akatokea kwenye toleo la kwanza la Action Comics, lililouzwa senti 10.

Sasa sikiliza jambo lililonishtua. Superman yule waliyemuuza alikuwa hajui kupaa! Alikuwa anaruka tu, kama panzi, mruko mmoja unafika mita 200 hivi, kisha anatua.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Januari 1939 akaingia kwenye magazeti ya kila siku. Februari 1940 akaingia redioni, sauti yake ikiigizwa na Bud Collyer. Redio ndiyo iliyomleta Jimmy Olsen, yule kijana wa gazetini, na mwaka 1943 ikaleta kryptonite, lile jiwe linalommaliza nguvu. Kwenye vitabu jiwe hilo lilifika mwaka 1949, yaani kitabu kilikopa kwa redio.

Mwaka 1941 akaingia sinema kwa katuni za studio ya Fleischer. Wachoraji wakaona kurukaruka kule hakupendezi, wakampaisha moja kwa moja. Mwaka 1948 ikaja filamu ya mfululizo ya sehemu 15, akicheza Kirk Alyn. Raha yake ni kwamba Kirk akitaka kupaa, anageuka katuni iliyochorwa, akitua anarudi kuwa mtu! Mwaka 1952 George Reeves akampeleka kwenye televisheni.

Umeona? Huyu jamaa alikuzwa na mikono mingi, nami siwanyimi haki yao. Hata huyu wangu wa redio huenda akampa Mzee Kipara kitu ambacho sijawahi kukiota. Lakini Siegel na Shuster walidhani wanauza kurasa 13. Kumbe wameuza na redio, na sinema, na televisheni ambayo watu wengi walikuwa hawajaiona hata kwa macho.

Kweli waliendelea kupewa kazi ya kumwandika na kumchora, wakalipwa. Ila mwaka 1947 walipokwenda mahakamani kumdai, walitoka bila Superman, kazi ikaota nyasi, na majina yao yakaondolewa kwenye vitabu. Mpaka mwaka 1975, wakiwa na umri wa miaka 60 na ushei, kelele zilipopigwa, ndipo kampuni ikakubali kuwapa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao. Na ile hundi ya mwaka 1938 iliyokuwa na zile dola 130 ndani yake? Mwaka 2012 ilipigwa mnada, karatasi tu, ikauzwa dola 160,000.

Nikamsimulia mama. Yeye ni fundi cherehani, Superman hamjui. Akaendelea kukanyaga mashine yake, kisha akasema: "Mwanangu, mimi gauni nauza. Karatasi ninayokatia gauni siuzi hata kwa ndugu yangu."

Basi jana nikairudisha ile karatasi. Nimekata kwa kalamu maneno "haki zote" na "milele", nikaandika: redio tu, mwaka mmoja, na jina langu litajwe kila kipindi. Jamaa akasoma, akacheka, akaniuliza najiona nani. Akasema atanipigia.

Sijui kama nimefanya ushujaa au ujinga. Mzee Kipara bado ni wangu, lakini mzee mwingine, mwenye nyumba, leo asubuhi amegonga mlango mara mbili na mimi nimejifanya nimelala. Simu ya jamaa naisubiri, na kodi nayo inanisubiri.

Wewe msomaji, una kitu chako hapo ndani bado kinarukaruka kama panzi? Kabla hujasaini, fikiria siku kitakapopaa. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, kama bado nitakuwa na anwani.