Kwa Nini Bunduki Nzuri Hukosa Shabaha

Katika mabaraza ya hapa Wabera, mjini Isiolo, haipiti juma bila kusikia kwamba bunduki ya fulani imepotoka. Wanenao aghalabu ni askari wa akiba wa polisi walindao mifugo. Si neno la mzaha, maana risasi wapewazo ni za kuhesabiwa, na ile imkosayo mwizi wa ng'ombe yaweza kumpata mtoto mchungaji. Hata jina la mahali hapa ni la Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya aliyeuawa kwa risasi tarehe 28 Juni 1963.

Mzee mmoja aliyetumia Mark Four miaka mingi aliniambia, "Bwana Karani, bunduki yangu ya zamani haikusema uongo. Hizi zijipakiazo zenyewe zina haraka, na mwenye haraka halengi." Nilimjibu kwamba ana haki, lakini nusu.

Kila mtutu hutetemeka risasi ipitapo ndani yake, mithili ya uzi wa zeze uliopigwa. Mtetemeko huo haudhuru ukiwa ni ule ule kila mara, kwa kuwa vilengeo huwekwa sawa kuufuata. Taabu huja unapobadilika.

Ile Mark Four yenyewe haina pistoni wala tundu la hewa, walakini mti wake hufunika mtutu karibu wote, na ncha ya mti husukuma mtutu kuelekea juu. Mafundi walikusudia hivyo. Mti ukivimba kwa mvua au ukipindika kwa jua letu, msukumo hubadilika na risasi huhama. Basi nayo husema uongo.

FN ya Ubelgiji, ambayo Waingereza waliikubali mwaka 1954 wakaiita L1A1, ina tundu dogo mtutuni. Hewa ya moto ya baruti hupenya humo, husukuma pistoni iliyo juu ya mtutu, na komeo hurudi nyuma likitupa ganda. Kipo kirekebishi cha kupunguza hewa hiyo, kwani ikizidi chuma hugonga kwa nguvu na bega huumia. Lakini kwa shabaha, neno kubwa ni kwamba vyombo hivyo vimefungwa juu ya mtutu wenyewe: uzito wao na msukumo wao huupinda kidogo, na kimoja kikilegea, mtetemeko hauwi tena ule wa jana. AK ni vivyo hivyo, na pistoni yake ni nzito zaidi.

G3, iliyopokewa na jeshi la Ujerumani Magharibi mwaka 1959, haina tundu wala pistoni. Roli mbili huchelewesha komeo, na mtutu hushikwa upande wa nyuma tu, mbele haugusi kitu. Chemba yake ina mifereji 12 ili ganda lisinate. Ndiyo sababu maganda yake huanguka na mistari myeusi, ambayo kila mchunga ngamia huitambua. Kwa mtutu huru namna hii ningetazamia shabaha njema, ila kifyatulio chake ni kizito, na kidole kivutacho kwa nguvu huipeleka bunduki kando.

Mzee alifikiri, kisha akauliza, "Na mpwa wangu, alazaye mtutu wa G3 juu ya jiwe?"

Nikamwambia jiwe hilo laurudisha mtutu juu, na uhuru wake wote umekwisha. Aweke mkono au mfuko wa mchanga chini ya kishikio. Mzee akainuka kwenda kumtafuta kijana kabla hajaondoka na ng'ombe.