Vyumba Sita vya Kapenguria

Mtu mwenye likizo fupi na nauli ya kadiri aweza kufika Kapenguria kutoka kwetu Uganda bila taabu kubwa. Nilipanda gari Mbale alfajiri, nikapita Kapchorwa na Bukwo, nikavuka mpaka pale Suam, na usiku nikalala Kitale. Kesho yake matatu ikanipandisha hadi Makutano, na kutoka hapo Kapenguria si mbali. Ni mji mdogo wa mlimani, wenye baridi, katika nchi ya Wapokot. Mpaka wa huku haukuwa mgumu zamani: eneo la Karasuk, ambalo ni la Kenya, lilitawaliwa na Uganda hata mwaka 1970. Kwa hiyo sikujiona mgeni, mpaka nilipoingia jela.

Jela hiyo sasa ni nyumba ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 1993. Humo ndimo walimofungwa Jomo Kenyatta na wenzake watano: Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Walikamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari, wakashitakiwa kwamba ndio walioiongoza Mau Mau. Kesi haikufanywa Nairobi, kwa kuwa serikali iliogopa umati wa watu. Ililetwa hapa, mahali pasipo reli wala hoteli, na ambapo mgeni hakuweza kufika ila kwa kibali. Palikuwa hapana hata mahakama ya kutosha, ikabidi darasa la shule litumike. Mawakili, wakiongozwa na Mwingereza D. N. Pritt, walilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda na kurudi. Mkalimani wa kwanza alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mifupa ya kale. Mawakili walipolalamika kwamba anaelemea upande mmoja, akajiondoa.

Nilikaa muda mrefu mbele ya picha za Kenyatta. Sisi watumishi wa serikali hupenda kujua mkubwa alianzia kazi gani, nami nilifurahi kukumbuka kwamba huyu aliwahi kuwa karani wa kusoma mita za maji mjini Nairobi. Baadaye alihariri gazeti la Muigwithania, akaenda Uingereza, akasoma elimu ya mila za watu, na mwaka 1938 akatoa kitabu juu ya Wakikuyu. Aliporudi mwaka 1946 alishika uongozi wa chuo cha ualimu cha Githunguri, na mwaka uliofuata akawa rais wa chama cha KAU. Mimi niliyepata cheti changu chuoni najua jinsi waalimu wanavyotiliwa shaka na wakubwa. Githunguri kilifungwa katika hali ya hatari.

Hukumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1953 na Hakimu Ransley Thacker: miaka saba ya kazi ngumu. Shahidi mmoja mkubwa, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Naye akafungwa, si kwa kusema uongo kule mahakamani, bali kwa kiapo hicho cha pili! Oneko alishinda rufani mwaka 1954, lakini hakuachiwa. Wengine walipelekwa Lokitaung, jangwani Turkana, ambako Kenyatta, kwa umri wake, alipewa kazi ya kuwapikia wenziwe. Huko alikutana na Waruhiu Itote, aliyejulikana msituni kwa jina la Jenerali China, ambaye zamani alikuwa askari wa Mwingereza vitani Burma.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu. Askari wa KAR, ambao wazee wetu waliwaita Keya, walikuwamo pia katika vita vya Kenya, na kikosi cha nne kilikuwa cha Uganda. Babu alikuwa mmoja wao. Kila tulipomwuliza alikuwa akifanya nini huko, alijibu, "Kulinda barabara, mjukuu wangu," kisha akaagiza chai. Alikuwa mtu mpole, nasi hatukumwuliza zaidi.

Mengine yajulikana. Kenyatta alitolewa gerezani mwaka 1959, akazuiliwa Lodwar na baadaye Maralal, akaachiwa huru Agosti 1961. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru, yeye akiwa Waziri Mkuu, na alikuwa amekwisha waambia walowezi kwamba yaliyopita yamesamehewa. Lakini sipendi kumsifu mtu hadi kumficha. Kaggia, aliyedai ardhi kwa wasio nayo, alifungwa tena mwaka 1968; Oneko alizuiliwa tangu mwaka 1969 hadi 1975. Wote wawili waliwekwa ndani na serikali ya yule aliyekula nao chakula cha jela.

Kijana aliyekuwa akinitembeza alikuwa na adabu na hakuwa na haraka. Aliposikia nimetoka Uganda aliniita "mwalimu" kwa heshima, akanirudisha kwenye jina la Kung'u Karumba. Huyu hakutafuta ukubwa baada ya uhuru, alifanya biashara. Mwaka 1974 alisafiri kwa biashara zake nchini Uganda, wakati wa utawala wa Idi Amin, wala hakurudi. Mwili wake haukupatikana.

"Mwalimu," kijana akaniuliza, "huko kwenu wazee wanasemaje juu yake?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijapata kumsikia mtu akimtaja. Hakunilaumu. Alinionyesha njia ya kutokea, akaniletea kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa uzi. Waliotangulia walikuwa wanafunzi wa Kitale, nao walikuwa wameandika maneno mengi mazuri. Mimi niliandika jina langu, tarehe, na mahali nitokako, Uganda. Nafasi ya maoni nikaiacha wazi, nikaenda kusubiri matatu.